Kutengeneza Mishipa ya Fahamu: Je, Mgonjwa wa Parkinson Amefaidi Nini?

Mara kwa mara redio na magazeti hutuletea habari kwamba wataalamu wa ng'ambo wameweza kutengeneza mishipa ya fahamu iliyokufa, na kwamba siku si nyingi ugonjwa wa Parkinson utakoma duniani. Habari hiyo huingia katika nyumba zetu kama mgeni mwenye zawadi. Mzee ambaye mkono wake watetemeka hata hawezi kushika kikombe huwauliza watoto wake: "Je, dawa hiyo itafika kwetu lini?" Nao, kwa kumpenda baba yao, hujibu: "Karibu, baba."

Yafaa tujiulize bila haya: jibu hilo ni la kweli? Elimu hiyo ya kutengeneza mishipa imemfaa mgonjwa kwa kadiri gani mpaka leo? Swali si la kuwadharau wataalamu. Ni swali la haki, maana aliye mgonjwa astahili kuambiwa ukweli kuliko mtu mwingine yeyote.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka wa 1817 mganga mmoja wa London, jina lake James Parkinson, alitoa kitabu kidogo juu ya watu sita waliokuwa wakitetemeka. Wengine kati yao hakuwapima. Aliwaona njiani tu, akawatazama kwa makini. Baadaye mganga Mfaransa Jean-Martin Charcot aliuita ugonjwa huo kwa jina la yule Mwingereza, na jina hilo limekaa mpaka leo.

Dalili zake kubwa ni nne. Mkono au mguu hutetemeka, hasa ukiwa umetulia, mwendo huwa mzito na wa polepole, viungo hukakamaa, na baadaye mtu hupoteza uimara wa kusimama, akaanguka upesi. Tena sauti hufifia, mwandiko huwa mdogo mdogo, na uso hauonyeshi furaha wala huzuni, hata jamaa hudhani kwamba mzee amekasirika. Lakini tusisahau: si kila mtetemeko ni Parkinson. Kupambanua ni kazi ya mganga wa hospitali.

Chanzo ni nini? Ndani kabisa ya ubongo kuna mahali padogo penye rangi nyeusi. Chembe hai za mahali hapo hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho ni kama mjumbe apelekaye amri za mwendo kutoka sehemu moja ya ubongo hata nyingine. Kwa mgonjwa chembe hizo hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Siku mkono uanzapo kutetemeka, sehemu kubwa yake imekwisha kufa.

Ugonjwa huu haubagui mtu. Muhammad Ali, ambaye wazee wetu wamkumbuka kwa pigano lake la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, aliambiwa mwaka wa 1984 kwamba anao, akaishi nao hata kufa kwake mwaka wa 2016. Mtakatifu Yohane Paulo II, yeye aliyekuja Kinshasa mwaka wa 1985 kumtangaza Sista Anuarite Nengapeta kuwa Mwenye Heri, aliubeba mbele ya macho ya ulimwengu wote mpaka alipokufa tarehe 2 Aprili 2005. Wote wawili walitunzwa na waganga hodari. Wala hapana aliyeweza kuwarudishia chembe zilizokufa.

DAWA ILIYOPO HAITENGENEZI, LAKINI YASAIDIA

Mwaka wa 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyowalegeza, wasiweze kujongea. Kisha akawapa kitu kiitwacho levodopa, nao wakaamka wakatembea. Mwaka wa 1960 Oleh Hornykiewicz, katika mji wa Vienna, alipima ubongo wa wagonjwa waliokufa akaona dopamini imepungua mno. Mwaka uliofuata, pamoja na mwenzake Walther Birkmayer, akatangaza kwamba wagonjwa waliodungwa levodopa walipata nafuu: waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani waliweza kusimama. Mwaka wa 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha namna ya kuinywa dawa hiyo kwa kuongeza kipimo polepole, nayo ikaenea pote.

Tuelewe vizuri kazi yake. Dopamini yenyewe haiwezi kupita kutoka katika damu na kuingia ubongoni, bali levodopa yaweza. Ikisha ingia, hugeuka kuwa dopamini. Haifufui chembe iliyokufa. Ni kama kuleta maji kwa ndoo katika nyumba ambayo kisima chake kimekauka: watu wa nyumba wanakunywa, lakini kisima ki vile vile. Baada ya miaka nguvu ya dawa huisha upesi zaidi kila siku, na wagonjwa wengi huanza kupinda-pinda viungo bila kutaka. Hii ndiyo sababu wataalamu walitamani kukichimba kisima upya.

SI KILA MSHIPA NI SAWA

Hapa wasomaji wengi hupotea. Mtu akikatwa mkono kwa panga, na mshipa wa fahamu ukakatika, mganga mpasuaji aweza kuuunga kwa uzi mwembamba sana. Chembe yenyewe, iliyo karibu na uti wa mgongo, bado yu hai. Yaotesha tena uzi wake, kadiri ya milimita moja kwa siku. Baada ya miezi kidole chaweza kupata fahamu tena. Huo ni utengenezaji wa kweli, na watu wengi wamefaidi.

Lakini Parkinson si mshipa uliokatika mkononi. Ni chembe nzima zilizokufa ubongoni, mahali ambapo mishipa haioti upya kwa urahisi. Basi asomaye habari ya mishipa iliyotengenezwa aulize kwanza: ni mishipa ipi? Ya mkono, au ya ubongo? Ya mtu, au ya panya?

Maana panya naye si mtu. Ili kumpatia panya ugonjwa unaofanana na Parkinson, mara nyingi wataalamu humdunga sumu iuayo zile chembe kwa muda wa siku chache. Kwa mtu ugonjwa waenda miaka na miaka, tena hauli mahali pamoja tu: waharibu usingizi, uwezo wa kunusa harufu, kazi ya matumbo, na mwishoni hata kumbukumbu. Mwaka wa 2020 wataalamu wa California walitangaza kwamba wamegeuza chembe za namna nyingine katika ubongo wa panya zikawa chembe za dopamini. Habari ilienea kwa shangwe. Mwaka wa 2021 wataalamu wengine, walioweka alama juu ya chembe ili kujua asili yake, walionyesha kwamba zile zilizodhaniwa kuwa mpya zilikuwa chembe za zamani. Hakuna aliyesema uongo. Lakini mgonjwa aliyefurahi mwaka wa 2020, ni nani aliyemletea habari ya mwaka wa 2021?

MBOLEA YA UBONGO

Wakati wa vita ya pili ya dunia mwanamke mmoja Mwitalia wa kabila la Wayahudi, Rita Levi-Montalcini, alizuiliwa na sheria za ubaguzi kufanya kazi katika chuo kikuu. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa mahali pa kuchunguzia, akasoma mishipa ya vifaranga ndani ya mayai. Baada ya vita, huko Marekani, aligundua kitu kiotesha mishipa ya fahamu, kama mbolea iotesha mbegu. Kwa ajili hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1986 pamoja na Stanley Cohen, naye akawa mmoja wa wanachama wa Chuo cha Kipapa cha Elimu huko Vatikano.

Mwaka wa 1993 ilipatikana mbolea nyingine, iitwayo GDNF, ambayo yasaidia hasa chembe za dopamini. Hapo matumaini yalipanda juu. Mwaka wa 2003, katika mji wa Bristol, Uingereza, wagonjwa watano walitiliwa dawa hiyo ndani ya ubongo kwa mirija myembamba, nao wakaonekana wamepata nafuu kubwa. Lakini wote watano walijua wamepewa nini, na waliowapima walijua vile vile. Ndipo katika jaribio jingine wagonjwa 34 waligawanywa: wengine wapewe dawa, wengine maji matupu yasiyo na dawa, wala wasijue. Baada ya miezi sita makundi mawili hayakupitana. Kazi ikasimamishwa. Baadhi ya wagonjwa, walioamini kabisa kwamba dawa yawasaidia, walikwenda hata mahakamani ili waendelee kupewa, wakashindwa.

Huko Bristol wakajaribu tena, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2019. Wagonjwa 41 waliingia katika kazi hiyo. Walitobolewa fuvu, wakawekewa mirija minne ubongoni, na mlango mdogo nyuma ya sikio ili dawa ipite kila majuma manne. Baada ya miezi tisa picha za ubongo za waliopata dawa zilionyesha dalili njema: mahali palipokuwa pamefifia palikuwa pameanza kung'aa. Lakini walipopimwa mwendo wao, hawakuwapita kwa hakika wale waliopewa maji matupu.

Tuyapime mambo hayo mawili. Picha ilipata nafuu. Mtu hakupata nafuu ya kutosha kuthibitishwa. Mtaalamu aweza kuifurahia picha, na kwa haki, kwa sababu yaonyesha njia. Lakini mgonjwa haishi ndani ya picha. Ataka kufunga vifungo vya shati lake, kupiga magoti kanisani na kuinuka tena bila kushikwa.

TUMAINI LENYEWE HUTENDA KAZI

Msomaji atauliza: kwa nini wapewe maji matupu? Si kuwadanganya wagonjwa? Walielezwa tangu mwanzo kwamba huenda wakapata hayo, nao wakakubali. Na sababu yake ni hii. Mwaka wa 2001 wataalamu wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwamba mgonjwa wa Parkinson akitazamia kupata dawa, ubongo wake hutoa dopamini hata kama alichopewa si dawa. Katika ugonjwa huu, basi, tumaini lenyewe humsimamisha mtu kwa muda. Si ujinga wa mgonjwa, ni maumbile ya ubongo.

Ushahidi mwingine ulitoka Marekani. Wagonjwa 40 walishiriki katika jaribio la kupandikiza chembe ubongoni. Ishirini walipandikizwa, ishirini walitobolewa fuvu tu, hawakutiwa kitu. Baadaye baadhi yao waliulizwa juu ya maisha yao. Waliosadiki kwamba wamepandikizwa walisema hali yao ni bora, hata kama hawakupandikizwa. Ndiyo maana mtu akituambia, "Nilichomwa sindano kule, nikapona," hatumwiti mwongo; lakini hatuwezi kuuza shamba kwa neno hilo tu.

Kanisa lenyewe hutufundisha uangalifu huo. Sista Marie Simon-Pierre wa Ufaransa, muuguzi aliyeugua Parkinson, alipona mwaka wa 2005 baada ya watawa wenzake kumwomba Yohane Paulo II awaombee. Hata hivyo hakuna aliyekimbilia neno "muujiza". Waganga na wanateolojia walichunguza, na mwaka wa 2011 tu Kanisa likatamka. Kama Kanisa halina haraka juu ya kazi ya Mungu, magazeti nayo yasiwe na haraka juu ya kazi ya wanadamu.

KUPANDA CHEMBE MPYA

Njia ya pili ni kupanda chembe mpya mahali pa zilizokufa. Tangu mwaka wa 1987, huko Lund katika Uswidi, waganga walipandikiza chembe za ubongo zilizotolewa katika mimba zilizoharibiwa. Wagonjwa wachache walipata nafuu ya miaka. Lakini jaribio lile la wagonjwa 40, lililotangazwa mwaka wa 2001, halikuonyesha faida kwa jumla. Wengine walio vijana zaidi walifaidi kidogo, na wengine wakapatwa na mipinduko ya viungo isiyotulia. Tena mwaka wa 2008 ilionekana kwamba hata chembe zilizopandwa miaka zaidi ya kumi nyuma zilikuwa zimeanza kupata alama za ugonjwa ule ule. Ulijenga ukuta mpya, kumbe mchwa wangali chini ya nyumba.

Hapa pana swali zito la dhamiri. Kanisa, katika mafundisho yaliyotolewa Roma mwaka wa 1987 na tena mwaka wa 2008, lasema wazi kwamba mtoto aliye tumboni ni mtu wa kuheshimiwa, wala si ghala ya vipuri kwa watu wengine. Kumponya mmoja kwa uhai wa mwingine si uganga.

Lakini Mungu amempa mwanadamu akili ya kutafuta njia safi. Mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alionyesha kwa chembe za panya, na mwaka wa 2007 kwa za mtu, kwamba chembe ya kawaida ya mwili, kama ya ngozi, yaweza kurudishwa katika hali ya utoto na kufundishwa kuwa chembe ya namna nyingine, bila kumharibu mtoto yeyote. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2012. Mwaka wa 2018 huko Kyoto walianza kuwapandikiza wagonjwa wa Parkinson chembe za namna hiyo. Matokeo ya wagonjwa saba yalitangazwa mwaka wa 2025: hapana aliyepata madhara makubwa, na kati ya sita waliopimwa mwendo wakati dawa haipo mwilini, wanne walionekana wamepata nafuu. Ni habari njema, lakini ni habari ya watu saba, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha. Tumekwisha kuona yaliyofuata baada ya wale watano wa Bristol.

BASI, FAIDA IPO?

Tujibu wazi. Mpaka sasa hakuna njia ya kutengeneza mishipa ya ubongo iliyothibitishwa, kwa jaribio la kulinganisha, kwamba yamrudishia mgonjwa wa Parkinson kile alichopoteza. Asemaye kwamba ipo, aidha hajui, aidha auza kitu. Hata hivyo si kweli kwamba kazi yote ilikuwa bure. Kwa majaribio hayo imejulikana namna ya kufikisha dawa ndani ya ubongo, namna ya kupima, na njia zipi hazifai kurudiwa. Levodopa nayo ilitoka kwa sungura wa Carlsson, ambao siku ile hawakumfaa mgonjwa yeyote.

Lakini twasema neno moja kwa nguvu: faida ya elimu hupimwa kwa mgonjwa, si kwa sifa za mtaalamu wala kwa picha nzuri. Na kwa kipimo hicho twaona aibu kubwa zaidi. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, wataalamu walipita nyumba kwa nyumba miaka ishirini hivi iliyopita, kati ya watu zaidi ya 161,000. Walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na walio wengi hawakuwa wameambiwa kamwe jina la ugonjwa wao. Dawa iliyojulikana tangu mwaka wa 1961 haikuwa imewafikia. Watu hao hawangojei kutengenezwa kwa mishipa, wangojea kidonge.

YA KUFANYA LEO

Wasemao "ngoja ngoja huumiza matumbo" hawakukosea. Wakati wataalamu watafuta, sisi nyumbani tuna kazi.

Kwanza, mzee atetemekaye au aliyekuwa mzito apelekwe hospitali. Asipelekwe kwa mpiga ramli, wala asisingiziwe uchawi. Uso usiocheka si uso wa mchawi. Ni uso wa mgonjwa. Mkristu amwitaye mzazi wake mchawi kwa sababu ya ugonjwa atenda dhambi mbili: uongo na ukatili.

Pili, mganga akitoa levodopa, inywewe kwa saa zilizopangwa, kabla ya chakula kama alivyoagiza, maana nyama na maharagwe huweza kuipunguzia nguvu. Isiachwe ghafula, kwani kuiacha hivyo ni hatari.

Tatu, mwili utembezwe. Kutembea kila siku, kunyosha viungo, kuimba kwa sauti kubwa: hayo humsaidia mgonjwa, na hayauzwi dukani.

Nne, juu ya upupu, ule unaowasha ngozi za watoto wetu porini: ni kweli mbegu zake zina levodopa. Jaribio la wagonjwa 18 huko Bolivia, lililotangazwa mwaka wa 2017, lilionyesha kwamba unga wa mbegu hizo zilizokaangwa huleta nafuu kama ya dawa ya hospitali. Lakini wagonjwa 14 walipoutumia kwa majuma 16, nusu yao waliacha, wengine kwa kuumwa tumbo, wengine kwa kuwa mwendo wao ulizidi kuharibika. Basi asijipikie mtu peke yake. Amwulize mganga kwanza.

Tano, tujihadhari na wauzao sindano za "chembe za kutengeneza ubongo". Mfa maji haishi kutapatapa, nao wajua hilo. Jaribio la kweli huandikwa, hueleza hatari zake, na halimdai mgonjwa auze ng'ombe wake ili ajaribiwe.

Tusiwasahau wale wagonjwa wa Bristol, wa Marekani na wa Kyoto waliotoa vichwa vyao vitobolewe, wakijua kwamba huenda wasipate kitu. Wengine walipata maji matupu, na kwa njia ya maji hayo sisi tumejua ukweli. Ahadi ni deni: wataalamu wanawiwa nao kazi ya uaminifu, wenye mamlaka wanawiwa kufikisha dawa hata vijijini, na sisi sote twawiwa na wagonjwa wetu neno la kweli na mkono wa kuwashika wakati wa kuinuka.